Fikra mgando za kijinsia kwa mashujaa wa kike wa katuni

Fikra mgando ya kijinsia ni kumwamulia mtu tabia, kazi na thamani yake kwa sababu tu ni wa kike au wa kiume. Kwenye katuni za watoto fikra hiyo haiondoki eti kwa kuwa shujaa ni msichana anayepaa na kuwachapa majambazi. Mara nyingi nguvu anapewa kwa masharti: awe mrembo, awe mpole, na nywele zikae vizuri.

Chukua She-Ra, aliyeanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1985, dada pacha wa He-Man, shujaa wa kiume wa katuni. Upanga anao, vita anaviweza. Lakini wanasesere wake waliouzwa na kampuni ya Mattel walikuja na nywele ndefu na kitana cha kuzichana, huku wa kaka yake wakiwa wamejazwa misuli. Mtoto aliyewashika wote wawili alishapata somo bila mtu kumwambia neno.

Kwenye The Powerpuff Girls ya mwaka 1998, Profesa Utonium anachanganya sukari, viungo na kila kilicho kizuri ili apate wasichana watatu wasio na dosari. Nguvu zao zinatokana na kemikali iliyoingia kwa bahati mbaya. Uzuri ulipangwa; nguvu ilikuwa ajali. Hata hivyo katuni hiyo naipenda, maana watatu hao wanauokoa mji wenyewe, hawakai kumsubiri mwanamume.

Kuna pia katuni zenye msichana mmoja tu katikati ya wavulana. Mwaka 1991 mwandishi Mmarekani Katha Pollitt aliiita hali hiyo Kanuni ya Smurfette, kwa jina la msichana wa pekee kati ya wavulana kwenye katuni ya The Smurfs. Wavulana wanatofautiana, huyu mjuaji, yule mvivu, yule mchekeshaji. Msichana sifa yake ni kuwa wa kike, basi.

Huku kwetu Mbeya jambo hili linaniuma. Mtoto wa Uyole anamwona mama yake akibishana na dalali anayetaka lumbesa ya viazi, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, hakubali mpaka bei ieleweke. Jioni anawasha runinga na kuonyeshwa kwamba mwanamke jasiri ni mwenye kiuno chembamba. Wala hasikii habari za Mkomanile, kiongozi wa Kingoni aliyenyongwa na Wajerumani Songea mwaka 1906 kwa kupigana Vita vya Majimaji.

Mambo yanabadilika, na si mbali. Ukivuka Tunduma uko Zambia, alikotoka Malenga Mulendema, mbunifu wa Supa Team 4 iliyotoka Netflix mwaka 2023: wasichana wanne wa Lusaka, kila mmoja na tabia yake, wakiongozwa na bibi aliyestaafu ujasusi.

Ukiangalia katuni na mwanao, muulize: nani alitoa mpango? Nani aliokolewa, na nani alisifiwa kwa sura? Muulize na wa kiume. Naye hapo hapo anajifunza dada yake anaweza nini.