Je, wajua kwa nini makusanyo ya kodi kupanda si ushahidi tosha kwamba mageuzi yamefaulu?

Julai 1996 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kazi. Kabla ya hapo kodi zilikusanywa na idara za Wizara ya Fedha. Watumishi wote wa idara hizo waliachishwa, wakatakiwa kuomba kazi upya, na zaidi ya theluthi moja hawakurudi. Waliorudi walilipwa mishahara iliyozidi mara kadhaa ile ya watumishi wenzao wa serikali. Shabaha ilikuwa kukuza makusanyo na kukomesha rushwa.

Mwaka wa kwanza makusanyo yakapanda. Je, kazi imekwisha?

Hapana. Mwaka 1996 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 20. Shilingi zikiongezeka kwa kiasi kilekile ambacho bei zimepanda, hazina haijapata kitu. Ndiyo maana wachumi hutazama kodi ni sehemu gani ya pato la taifa. Kwa kipimo hicho uwiano ulipanda mwaka ule, ukateremka miaka iliyofuata. Kisha Julai 1998 ikaingia Kodi ya Ongezeko la Thamani, na tangu hapo ikawa vigumu kujua kipi kimeletwa na muundo mpya na kipi na kodi mpya.

Kwenye rushwa ndiko kuna fundisho zito zaidi. Mtafiti Odd-Helge Fjeldstad wa Norway aligundua kwamba baadhi ya walioachishwa waliajiriwa na wafanyabiashara kama washauri wa kodi. Walizijua sheria, walizijua taratibu za ndani, na waliowaacha ofisini walikuwa jamaa na marafiki. Mtandao wa rushwa ukapata mguu mmoja ndani na mwingine nje. Ripoti inayohesabu waliofukuzwa ingeuita huo ushindi, na hilo linaniudhi, kwa sababu mlipa kodi mwaminifu ndiye aliyeendelea kuumia.

Muda wa kupima nao una uzito wake. Uganda iliunda mamlaka yake, URA, mwaka 1991. Kodi ikatoka kama asilimia 7 ya pato la taifa hadi karibu 12 katikati ya muongo huo, kisha ikakwama hapo kwa miaka. Mpimaji wa 1996 angesifu, wa 2003 angelalamika, na wote wawili wangekuwa na takwimu sahihi mkononi.