Kivuli Kilipoingia Kwenye Picha za Kihindi

Mama mmoja alituletea picha iliyofungwa kwa gazeti. Ilikuwa ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema kwa Wahindu, amesimama juu ya yungiyungi, mikono minne, tembo pembeni yake ameinua shada la maua kwa mkonga. Picha hiyo ilitundikwa miaka mingi juu ya meza ya hesabu, dukani kwa marehemu babu yake, na familia nzima iliamini ni mchoro wa rangi za mafuta uliokuja na jahazi kutoka India. Alitaka kujua thamani yake. Sisi wa uhifadhi wa picha hatupangi bei, lakini kujua kama ni mafuta au si mafuta ndiyo kazi yetu. Kabla ya kuifungua fremu ilibidi nimsimulie habari ya kivuli.

Ukitazama picha ndogo zilizochorwa katika majumba ya wafalme wa Rajasthan, au kule Pahari kwenye vilima vya Himalaya, karne ya 17 na 18, utamkuta mungu Krishna usiku wa manane, mwezi juu, na bado watu wote wanaonekana waziwazi kama saa sita mchana. Hakuna anayeangusha kivuli. Wachoraji wale hawakukosa ujuzi. Walifanya kazi kwa rangi za maji zilizochanganywa na gundi, juu ya karatasi zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, kwa brashi za nywele za kindi. Kazi ikikaribia kuisha, karatasi ililazwa kifudifudi juu ya jiwe laini na kusuguliwa mgongoni kwa akiki mpaka rangi ing'ae. Rangi ya namna hiyo hukauka kwa dakika chache. Haikupi nafasi ya kuuyeyusha mwanga polepole uwe giza, ila inapenda mstari, na mstari ndio uliobeba kila kitu: jicho, kiuno, hata mvua.

Kusini, huko Thanjavur, mwanga ulipatikana kwa njia nyingine. Fundi alichukua ubao, mara nyingi wa mfenesi, akabandika kitambaa kwa gundi ya mbegu za ukwaju, akapaka chokaa laini, kisha akainua mikufu na mataji kwa uji mzito wa chokaa mpaka yakatokeza kama chapati iliyoumuka. Juu yake aliweka karatasi ya dhahabu halisi na vipande vya kioo cha rangi. Picha iliwekwa chumba cha ibada, penye giza, mbele ya taa ya utambi. Mwali ukicheza, dhahabu nayo inacheza. Yaani mwanga ulikuwa wa chumba, picha iliurudisha tu.

Katika mila hiyo alizaliwa Raja Ravi Varma, mwaka 1848, Kilimanoor, katika ufalme wa Travancore, ambao sehemu yake kubwa leo imo Kerala, kusini mwa India. Mjomba wake alichora kwa mtindo wa Thanjavur na ndiye aliyemshikisha brashi. Alipopelekwa jumba la mfalme akiwa kijana alikutana na rangi za mafuta, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana siri ya kazi haikugawiwa bure. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja wa kasri aliyezijua alikataa katakata kumfundisha, na mwanafunzi wa fundi huyo ndiye aliyemwelekeza usiku kwa kificho. Mwaka 1868 alifika mchoraji kutoka Ulaya, Theodore Jenson, naye akamruhusu atazame tu anavyofanya kazi. Mengine Ravi Varma alijifunza kwa kuharibu na kurudia. Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinayar, jamii moja ya huko Kerala, akipamba nywele ilipata tuzo kwenye maonyesho ya Vienna.

Mafuta ya kitani, yanayochanganywa na rangi hizo, yana tabia moja ya ajabu: hayakauki kwa maji kupotea, hukauka kwa kunywa hewa, na huchukua siku kadhaa. Hasara hiyo kwa mwenye haraka ndiyo faida yenyewe. Leo unaweka rangi ya shavu, kesho bado ni laini, unaivuta kwa brashi kavu hadi mpaka wa mwanga na giza usionekane. Tabaka la chini huwa na mafuta machache, la juu mafuta mengi. Ukigeuza mpango huo, la juu hukauka kwanza, la chini likiendelea kusogea linalipasua, na miaka ikipita picha inafanana na tope la bwawa lililokaukiwa.

Sasa tazama Ravi Varma alivyofanya bangili. Mjomba wake angeweka dhahabu. Yeye hakuweka hata chembe. Aliweka hudhurungi ya udongo, juu yake manjano iliyofifia, kisha pembeni, upande ule taa inapotokea, nukta moja nene ya rangi karibu na nyeupe. Ukiwa karibu ni uchafu wa rangi. Ukirudi hatua tatu, ni dhahabu. Chini ya bangili kuna kivuli chembamba kwenye ngozi. Kwa mara ya kwanza, watu wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, walikuwa na uzito. Waliketi kwenye kiti na kiti kikaonekana kuwabeba.

Mtawala wa Baroda, Sayajirao Gaekwad wa Tatu, alipomwagiza picha 14 za visa vya kale, swali gumu lilikuwa mavazi. Bibi Sita, mke wa Rama, anavaaje? Malkia Damayanti je? Ravi Varma na mdogo wake walizunguka India wakitazama, na alichokichagua ni sari. Ninaamini uamuzi huo ulikuwa wa mchoraji kabla ya kuwa wa mwanahistoria: mkunjo wa hariri ndio mahali ambapo rangi za mafuta huringa kuliko popote.

Mwaka 1894 alifungua mtambo wa chapa Ghatkopar, Bombay. Chapa ilipigwa kwa mawe yaliyochorwa: kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipita jiwe baada ya jiwe mpaka picha ikamilike. Mtambo ulihamia Malavli na baadaye ukauzwa kwa Mjerumani Fritz Schleicher. Kumbuka kwamba huko kwao Travancore watu wa tabaka la chini hawakuruhusiwa kuingia mahekalu makubwa mpaka mwaka 1936. Kwa karatasi ya bei nafuu, mungu aliingia nyumbani kwao. Sura zile zikaja kwenye kalenda, na wengi wetu tulizionea dukani kabla ya kusikia jina la Ravi Varma.

Si wote walifurahi. Kule Calcutta, E. B. Havell, Mwingereza aliyeongoza shule ya sanaa, na mchoraji Abanindranath Tagore waliona mafuta ni koti la kuazima, wakarudi kwenye karatasi na maji. Jibu linalonigusa zaidi ni la mchoraji Amrita Sher-Gil, mzaliwa wa Budapest, mama Mhungaria na baba Sikh, aliyesomea Paris. Yeye hakuyatupa mafuta. Aliyatiisha. Baada ya kuona michoro ya kale kwenye kuta za mapango ya Ajanta, mwaka 1937 alichora Brahmacharis: vijana watano vifua wazi, nguo nyeupe, nyuma yao wekundu wa udongo. Rangi imetandazwa kwa mabapa mapana, vivuli vimebanwa, mstari umerudi kazini. Alifariki mwaka 1941 akiwa na miaka 28.

Basi tukazima taa, tukawasha tochi kwa ubavu. Mchoro wa mafuta ungeonyesha matuta ya brashi, na nukta ile nene ya bangili ingetoa kivuli chake. Hapa uso ulikuwa bapa. Kwa lenzi, shavu la Lakshmi lilikuwa nukta tupu, waridi na buluu na manjano, kama mchanga uliomwagwa. Ni picha ya chapa, iliyopakwa vanishi ili ifanane na mafuta. Lakini mkufu ulituchezea machoni. Mtu, labda bibi wa nyumba ile, alikuwa amebandika puleki na nyuzi za dhahabu palepale mchoraji alipoweka rangi tu. Desturi hiyo ilienea sana India.

Tulimwambia asiifute kwa kitambaa kibichi, maana ni karatasi, na asiitundike mkabala na dirisha. Akauliza kama zile puleki zing'olewe ili picha ibaki safi. Tulimwomba aziache.