Ukipotea milimani, usikimbilie kuufuata mto

Wasafiri wengi wanaamini kwamba ukipotea kwenye milima yenye msitu, dawa ni kuufuata mto kuelekea chini, maana lazima utakufikisha kwa watu. Kwenye ramani inapendeza. Tatizo ni kwamba mlimani maji hupita pasipopitika kwa miguu: huchimba makorongo yenye kuta wima, na kandokando yake unyevu huotesha vichaka vya kukatisha tamaa. Unateleza kushuka mwamba mmoja, mbele unakuta maporomoko, na kurudi juu huwezi tena. Usiku nao hewa baridi hutuama bondeni, simu mara nyingi haishiki mtandao, na kelele za maji humeza sauti za wanaokutafuta.

Linalofaa halina ushujaa wowote: simama. Kama njia uliyojia unaikumbuka kwa hakika, rudi nayo. Vinginevyo, hasa giza likikaribia, kaa karibu na mahali pa wazi, vaa nguo zote ulizo nazo, na upulize filimbi mara tatu, utulie, urudie. (Hiyo ni ishara ya kuomba msaada; kwenye milima ya Alps, Ulaya, ishara hiyo ni milio sita kwa dakika.) Ila kusubiri kuna maana tu ikiwa kabla ya kuondoka ulimwambia mtu njia utakayopita na saa ya kurejea.