Macho ya Mtoto Mchanga na Mwanga: Maswali ya Wazazi

Je, mtoto huzaliwa akiwa anaona?

Anaona, ila kwa ukungu. Kinachomjia vizuri ni kile kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani pale ulipo uso wa mama anaponyonyesha. Mtazame mtoto wa wiki moja: mara nyingi hukodolea ukingo wa mtandio au nywele, mahali weusi na weupe vinapokutana, kabla hajajali macho ya mama. Sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), inayotupatia uoni mkali na rangi, bado haijakomaa.

Mbona mwanga ukiwa mkali anafumba macho?

Huko ni kujikinga. Mboni huanza kujibana kwenye mwanga karibu na wiki ya 30 ya mimba, ndiyo sababu njiti waliozaliwa mapema zaidi hupunguziwa mwanga wodini. Ajabu ni kwamba mwanga hafifu unaoonwa na mtu mzima bila taabu, mtoto mchanga hauoni kabisa.

Bibi anataka madirisha yafungwe mpaka arobaini. Tumsikilize?

Kwa jua la kumpiga usoni, bibi ana haki. Mwanga wa kawaida wa mchana, hata hivyo, haudhuru, na ubongo hujifunza kuona kwa kuupokea. Tena chumba chenye giza huficha mambo. Mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi, na upasuaji wake huleta matokeo mazuri zaidi ukifanywa ndani ya miezi miwili ya kwanza. Ukicheleweshwa, ubongo huzoea kutolitumia jicho hilo, na hata lenzi ikiondolewa baadaye uoni haurudi ipasavyo. Kwa hiyo mpakate karibu na dirisha, umwangalie mboni. Weupe ndani yake, au picha ya simu inayoonyesha jicho moja jekundu na lingine jeupe, ni jambo la kupeleka hospitali bila kungoja, kwa kuwa huenda pia ikawa saratani ya jicho.

Na wanja?

Usimpake. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo unaokua.

Macho yake yanapishana. Ni kengeza?

Yakipishana mara mojamoja kabla ya miezi minne, ni kawaida. Kufikia miezi mitatu anapaswa kufuata kwa macho kitu kinachopita mbele yake. Kengeza lisilotoka, au linaloendelea baada ya miezi minne, lichunguzwe.

Lini kuogopa mwanga ni ugonjwa?

Mtoto akikaa amefumba hata kivulini, machozi yakimtiririka bila kulia, na jicho likionekana kubwa kupita kiasi au kioo chake cha mbele kikiwa na ukungu, huenda ni presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Apelekwe siku hiyohiyo.