Ukishaiwasha TENS, inuka kitini

Mwezi uliopita alinijia kliniki mama mmoja, fundi cherehani mstaafu, mashine yake ya TENS, ya kutuliza maumivu kwa umeme, kaifunga kwenye kanga kuukuu kama aliyebeba vitumbua. Akaiweka mezani kwangu. "Baba, hiki kidude chako kimekufa."

Chako, kwa sababu mimi ndiye niliyemshauri akinunue. Nikakikagua, kizima. Vibandiko ndivyo vilivyokuwa na nywele za blanketi na harufu ya mafuta ya nazi. Nikamuuliza anakitumiaje. Kila usiku, akasema, anapaka goti dawa ya kuchua, anabandika, anaweka namba nne "maana naogopa shoti", analala. Asubuhi maumivu yako palepale. Miezi miwili mizima amefanya hivyo, na kosa si lake. Siku ile nilimwelekeza kwa dakika tano, nimesimama mlangoni, foleni ikiningoja. Basi haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

TENS ni kisanduku cha ukubwa wa simu ya kitochi, kinachotumia betri. Kina nyaya, na mwisho wa nyaya kuna vibandiko vyenye jeli. Kinapitisha mipigo midogo ya umeme kwenye ngozi ili kusisimua mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Mtaani wanaiita mashine ya shoti, jina linalowatisha wagonjwa wangu wengi.

Mtoto akijigonga kwenye kizingiti, bibi yake anamvuta na kumsugua pale pale palipouma, na kilio kinapungua. Bibi hakusomea, lakini yuko sahihi. Mishipa ya fahamu haifanani: ipo minene inayobeba habari za mguso na mtetemo, na ipo myembamba inayobeba maumivu. Zote zinakutana kwenye uti wa mgongo kabla ya kupanda ubongoni. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba hapo pana kitu kama lango: habari za mguso zikimiminika kwa wingi, lango linajifunga na maumivu yanapita kwa shida. Miaka miwili baadaye Wall na William Sweet wakajaribu kusisimua mishipa ya wagonjwa kwa umeme, na maumivu yakapoa kwa muda. Nadharia ile imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na sasa tunajua pia kwamba TENS huufanya mwili utoe dawa zake wenyewe za maumivu, jamaa za mofini. Ila kwa matumizi ya nyumbani, mkono wa bibi unatosha kueleza.

(Wazo lenyewe ni la kale. Scribonius Largus, tabibu wa Roma wa karne ya kwanza, aliwasimamisha wagonjwa wa gauti (jongo) ufukweni juu ya samaki wa jamii ya taa mwenye umeme, akiwa hai, mpaka mguu uingie ganzi hadi gotini. Vibandiko ni nafuu kubwa.)

Sasa angalia kisichokuwemo katika maelezo hayo. Sijasema popote kwamba gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, linakua upya, wala kwamba goti lililolika linanyooka. TENS haigusi kiungo. Inagusa habari zinazotoka kwenye kiungo, na kwa wengi nafuu yenyewe ni wakati mashine inafanya kazi na muda mfupi baada ya kuizima. Yule mama alikuwa akiitumia nafuu yake yote usingizini, saa ambazo goti halina kazi yoyote.

Nisikufiche kuhusu utafiti, maana ukitafuta mtandaoni utakutana nao. Mwongozo wa Oktoba 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema wagonjwa wa viungo vilivyolika wasipewe TENS, kwa kuwa ushahidi wa faida hautoshi. Wataalamu wa viungo wa Marekani nao, katika mwongozo wao wa 2019, waliikataa kwa goti na nyonga. Upande wa pili, mwaka 2022 ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio 381 ya maumivu ya kila aina, ukahitimisha kwamba maumivu hupungua wakati wa TENS au mara tu baada yake, bila madhara makubwa. Wote wanasema kweli. Majaribio mengi ni madogo. Mengine umeme uliwekwa chini mno, kama namba nne ya mama yangu yule. Mengine maumivu yalipimwa wiki kadhaa baadaye, mashine ikiwa kabatini. Na kuna tatizo gumu zaidi: kidonge cha uongo unaweza kukifananisha na cha kweli, lakini mgonjwa aliyepewa mashine isiyotoa umeme anajua tu kwamba hasikii kitu.

Kwa nini basi bado naishauri? Kwa sababu ya mifuko ya diklofenaki, vidonge vya maumivu, ninayooneshwa kila wiki. Watu wanameza miaka na miaka bila daktari kujua, wanakuja kwangu na vidonda vya tumbo, wengine figo zimeanza kulegea. Kifaa kinachompa mtu saa moja ya ahueni bila kugusa tumbo lake nakikaribisha, mradi anajua saa hiyo ni ya nini.

Tuanze na ngozi. Osha kwa sabuni na maji, kausha vizuri. Pasiwe na mafuta, losheni wala dawa ya kuchua. Mafuta yanaua gundi na kuufanya umeme upite vibaya, na dawa za kuchua chini ya kibandiko huweza kuchoma ngozi. Mwenye nywele nyingi azipunguze kwa mkasi. Asinyoe kwa wembe saa hiyo hiyo, ngozi iliyokwanguliwa inachonyota.

Bandika mashine ikiwa imezimwa. Kwa goti tumia vibandiko vinne, viwili juu ya kifuniko cha goti kushoto na kulia, viwili chini yake vivyo hivyo. Waya mmoja unganisha cha juu kushoto na cha chini kulia, wa pili kinyume chake, mikondo ipishane katikati ya goti. Usibandike juu ya kifuniko chenyewe. Kwa bega, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kiuno, pande mbili za uti wa mgongo, pale panapouma. Nyonga iko ndani mno chini ya nyama, na kwa nyonga sikuahidi mengi.

Mashine nyingi zina programu zenye namba. Ukiweza kuchagua mwenyewe, anza na mipigo 80 hadi 100 kwa sekunde, urefu wa kila mpigo maikrosekunde 100 hadi 200. Hiyo inaleta hisia ya kutekenya mfululizo. Ipo na mipigo ya polepole, 2 hadi 4 kwa sekunde, ambayo hurusharusha misuli kidogo. Wengine wanaipenda kwa maumivu ya kuguguna ya muda mrefu, na dakika 20 hadi 30 zinaitosha.

Nguvu ndipo watu wanapoharibu. Namba ya kwenye kioo haina maana yoyote. Nne ya mashine yako si nne ya jirani. Panda taratibu mpaka usikie msisimko ulio wazi na wenye nguvu, lakini usiouma. Ukisikia kwa mbali tu kama mdudu anatembea, bado. Ukikunja uso, umepita, shuka. Kuna wanaume, samahani, hasa wanaume, wanaoamini dawa isiyouma haiponyi, wanaipandisha mpaka paja linaruka. Umeme ukiuma, umeongeza maumivu juu ya maumivu. Baada ya dakika kumi hivi mwili unazoea na msisimko unafifia, ongeza kidogo.

Na hapo ndipo inuka kitini.

Usivue. Chomeka mashine kiunoni, nyaya zipite ndani ya dera au suruali, ufanye lile jambo ambalo goti limekunyima. Nilichompa mama yule ni hiki: kwanza akae kwenye kiti, anyooshe goti, ahesabu hadi tano, ashushe, mara kumi. Kisha asimame kutoka kwenye kiti imara na kukaa tena bila kushika, mara tano, akizoea nane, akizoea kumi. Kisha atembee hadi dukani na kurudi. Misuli ya paja ndiyo inayobeba goti bovu, na misuli haijengwi na mtu aliyelala. Mazoezi yenyewe yana ushahidi ambao hakuna mwongozo unaoubishia. Tatizo ni kwamba yanauma mwanzoni, watu wanaacha siku ya tatu. TENS inawavusha siku ya tatu. Kwa wengine jambo lenyewe ni kusujudu, au choo cha kuchuchumaa, au ngazi ya daladala. Panga dakika zako 30 au 45 ziangukie hapo.

Usiitumie kwa mpangilio uleule kila siku bila kubadilisha. Siku chache tu na mwili huanza kuizoea. Badilisha kasi ya mipigo, au pumzisha siku moja moja. Na kahawa. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba kafeini hupunguza nafuu ya TENS. Ukitoka barazani na vikombe vitatu vya kahawa chungu, usiilaumu mashine.

Vibandiko virudishe kwenye plastiki yake kila ukimaliza. Vikianza kukauka, tone la maji safi kwa kidole, subiri vishike tena. Vikigoma, nunua vingine, ndiyo gharama halisi ya kifaa hiki, na muuzaji hakuambii. Mashine ya kuchaji usiivae ikiwa kwenye chaja.

Kuna pia mashine zile zinazouzwa na ndala zake za umeme, zikinadiwa kwa kipaza sauti kwamba zinatibu kiharusi, kisukari na nguvu za kiume. Ndani yake mara nyingi ni umeme wa aina hii hii. Bei ndiyo iliyopandishwa na maneno.

Juzi mama kanipigia simu. Sasa anasimama kitini mara nane na vibandiko vipya vimeshika. Alitaka ruhusa: shoga yake ana kisukari, nyayo zinawaka moto usiku, je, amwazime kidude? Nikamwambia asubiri. Mguu uliokwisha hisia haujui umeme umezidi, utaungua bila mwenyewe kushtuka. Nikamuuliza kama huyo shoga ana betri ya moyo, kifafa, saratani, au mguu uliovimba upande mmoja unaoweza kuwa na damu iliyoganda. Kama ni mjamzito sikumuuliza, ana miaka sabini, lakini wewe jiulize. Na hakuna, hata aliye mzima, anayebandika shingoni kwa mbele, kichwani, karibu na macho, kifuani au juu ya kidonda, wala kuiwasha akiwa bafuni, usingizini au nyuma ya usukani. Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, na homa juu yake, ni la hospitali siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo nisimpe?"

Amlete Alhamisi, nimpime hisia za nyayo kwanza. Na asije amejipaka mafuta.