Kipanya Kikigoma Usizime Kompyuta: Menyu Hufunguka kwa Kibodi

Kila mwisho wa mwezi dawati letu la TEHAMA hupokea malalamiko ya aina moja: kipanya kimegoma, ripoti haijahifadhiwa, na mtumiaji ameshakandamiza kitufe cha kuwashia hadi kompyuta ikazima. Tunajua nia ilikuwa njema. Ila kazi iliyopotea hivyo mara nyingi hairudi, na dawati halina uchawi wa kuirudisha.

Kabla ya kuzima, gusa Alt au F10, kisha achia. Katika programu nyingi za Windows upau wa menyu utaamka na kila jina litaonyesha herufi iliyopigwa mstari. Ukiona F ya File ina mstari, bonyeza F. Menyu ikishuka, bonyeza herufi yenye mstari kwenye Save. Umemaliza. Mishale hukutembeza, Enter huchagua, Esc hukurudisha hatua moja. Menyu inayotokea kwa kubofya kulia hufunguliwa kwa Shift na F10. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato utahitaji kushikilia Fn pia. Word na Excel hazina tena menyu za mtindo wa zamani, lakini Alt huleta herufi juu ya kila kitufe. Wa Mac watumie Control na F2.

Jina lenye nukta tatu mwishoni hufungua dirisha la maswali. Hakuna kilichotendeka mpaka uyajibu. Tafadhali msitupigie simu kwamba "Print imekataa" wakati dirisha liko wazi mbele yenu.

Wengine huuliza wakariri herufi zipi. Msikariri. Lugha ya programu ikibadilishwa, herufi nazo huweza kubadilika. Someni mstari ulipo. Wala si kweli kwamba haya ni mambo ya enzi za DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta uliotangulia Windows. Mfanyakazi asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA, ambayo ni ya bure, huifikia menyu kwa kutegemea kibodi. Mwongozo wa WCAG, wa kuhakikisha watu wenye ulemavu wanaweza kutumia mifumo, uliotungwa kwa ajili ya tovuti lakini hutumika pia kupimia programu za kompyuta, unataka kazi zifanyike kwa kibodi, na sharti hilo liko katika daraja A, la chini kabisa.

Kwa wazabuni: siku ya kupokea mfumo, kipanya huchomolewa mbele ya kamati. Mjumbe hufungua kila menyu na kila menyu ndogo, kisha hutoka kwa Esc. Menyu isiyofikika huandikwa kwenye fomu ya majaribio; nakala moja hupewa mzabuni, nyingine hupelekwa kitengo cha manunuzi, na malipo ya awamu hiyo husubiri jaribio la marudio. Tozo ya ucheleweshaji huendelea kuhesabika kwa mujibu wa mkataba. Hoja ya kwamba "watumiaji wenu wote wanaona" haipokelewi, na hata ingekuwa kweli leo, mkataba wa mfumo ni wa miaka.

Marekebisho yenyewe, kwa herufi za menyu, ni alama moja kwenye msimbo: & mbele ya herufi kwa Windows na Qt, _ kwa GTK (Qt na GTK ni zana za kuundia madirisha na menyu za programu). Anayeomba muda wa nyongeza kwa ajili ya hilo aombe kwa barua, akieleza sababu.