Mbunifu wa yoti si lazima awe mhandisi

Ukikaa ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, utaambiwa kwamba anayebuni yoti, yaani vyombo vya anasa vya matajiri, lazima awe mhandisi wa meli. Hata mimi niliamini hivyo. Lakini mbunifu wa yoti Jon Bannenberg, mzaliwa wa Sydney, Australia, mwaka 1929, alisomea piano, akahamia London na kushika kazi ya kupamba nyumba. Alibuni baadhi ya kumbi za meli ya abiria ya QE2 (Queen Elizabeth 2), baadaye yoti iitwayo Nabila, iliyokamilika 1980. Yeye alichora umbo. Hesabu za uzito na injini walizibeba wahandisi. Fundi wetu wa jahazi ndiye hubeba yote: husimamisha taruma, yaani mbavu za chombo, juu ya mkuku, gogo refu la chini kabisa, hurudi nyuma hatua tatu, hufumba jicho moja, kisha huokota tezo, chombo chake cha kuchongea mbao.